Swali Linaloulizwa Mara Mbili

Binti yangu wa miaka mitano alikataa juisi yake, ati ya kaka yake ilikuwa nyingi. Nikaimimina yote, mbele ya macho yake, kwenye glasi nyembamba na ndefu. Akatabasamu. Sasa yeye ndiye mwenye nyingi! Nikacheka, nikaona nimemzidi akili.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, hangeshangaa. Alieleza kwamba mtoto wa umri huo huhukumu kwa jicho. Kuanzia miaka 7 hivi ndipo hushika kwamba umbo likibadilika, kiasi hubaki kile kile. Si ujinga wala ukaidi. Akili iko njiani.

Lakini katika majaribio ya Piaget, mtoto aliulizwa swali moja mara mbili. Je, safu hizi mbili za vitu zina idadi sawa? Mtu mzima anaitanua safu moja, kisha anauliza tena. Miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walibadilisha jambo dogo: safu ikavurugwa na mwanasesere, dubu mtundu, kana kwamba ni bahati mbaya. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waliojibu sawasawa wakaongezeka sana. Kumbe wengine walijua tangu mwanzo. Walikuwa wakiusoma uso wa mkubwa: akiuliza tena, basi nimekosea.

Hapo nikajishika kichwa. Ni mara ngapi nimesema, "Una uhakika?" nikamwona mtoto akifuta jibu lililokuwa sahihi?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia, na kando ya barabara utiifu huo huokoa maisha. Ila mtoto tunayemzoesha kwamba mkubwa hakosei atakua akisubiri kuambiwa alichokiona kwa macho yake. Na siku mkubwa mwenye nia mbaya atakapomwambia halikutokea lolote, atashikilia nini?

Sisemi tusiwaulize tena. Nasema tuwape sababu, na tuwe tayari kushindwa.

Juzi alihesabu machungwa mezani, akasema manane. Nikauliza, "Mangapi?" Akanikazia macho. "Si nishakwambia, Baba? Manane!"

Ulimi uliniwasha nimkanye. Nikayahesabu kwanza. Yalikuwa manane.