TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: SEKUNDE 48



Baadhi yetu tunaomba kibao cha 30 pale madrasa, badala ya 50. Wengine wananung'unika: "Tutachelewa futari!"

Haya, tupige hesabu. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72; kwa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48 tu. Lakini ukifunga breki kwenye 50, gari linaserereka karibu mara tatu ya lile la 30. Hapo katikati ndipo mtoto anapovuka.

Utasema, "Sikukusudia." Ni kweli. Lakini hata aliyeua kwa kukosea, dini haikumwacha hivi hivi: kuna dia, na kuna kafara, ambayo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo. Basi tusiseme "kadari" wakati tuliokanyaga mafuta ni sisi.

Sunna ni kuharakisha kufuturu, sio kuharakisha gari. Weka tende na maji garini. Adhana ikikukuta njiani, simama pembeni, futuru.

Na leo jioni, pale madrasa, usingoje kibao. Punguza mwendo, mtoto wa mwenzio naye afike kwao akafuturu.

Ramadhan Karim.