Uso wa Mgeni na Jina Lake

Ndugu wakatekumeni, mtu mzima anapofika mlangoni pa kanisa kuomba imani, Kanisa laanza na neno dogo sana. Kabla ya maji, kabla ya mafuta, kabla ya kanzu nyeupe, padri amwuliza jina lake. Wengine hudhani kwamba hilo ni neno la karani tu, kama jina liandikwavyo langoni pa kiwanda. Sivyo. Ili kuifahamu sababu yake, itazameni kazi ya mchoraji apakaye sura ya mtu asiyemjua.

Mwaka 1898, miaka saba baada ya Mwami Msiri kuuawa huko Bunkeya, msafara wa wataalamu ulioongozwa na Charles Lemaire, afisa Mbelgiji, uliingia nchi ya Katanga, ukakaa hata mwaka 1900. Mlikuwamo mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Mmoja alishika kamera, wa pili alishika brashi, karatasi na rangi za maji. Kazi zao zatunzwa hata leo katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2011 Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizionyesha upya huko huko Tervuren, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza. Baloji aliwachukua watu wa picha za Michel akawaweka juu ya rangi za maji za Dardenne, ili uso uliopigwa picha na nchi iliyopakwa rangi vikutane tena. Katika picha nyingi za siku zile liliandikwa kabila, au kazi, au mahali. Jina la mtu halikuandikwa.

Basi tuseme kijana wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, amepata picha moja ya namna hiyo, nyeupe na nyeusi, ya mzee asiyejulikana. Ataka kuipaka kwa rangi za maji. Ameketi barazani, bakuli la maji mkononi pa kuume, karatasi imebandikwa juu ya ubao.

Kosa lake la kwanza ni hili: hamtazami mzee. Apaka jicho kama ajuavyo jicho kuwa, na pua kama ajuavyo pua kuwa, naye amaliza upesi na kufurahi. Kisha aweka karatasi kando ya picha, na kumbe amempaka mjomba wake! Ndiyo maana mafundi huwaambia wanafunzi wao waigeuze picha kichwa chini, miguu juu. Hapo jicho si jicho tena. Ni kivuli kidogo kando ya kivuli kikubwa, na mkono hulazimika kufuata kile kilichopo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kijana aona mzee amekunja uso, naye asema moyoni: mtu huyu alikuwa mkali. Ajuaje? Jua la saa sita lilimpiga machoni. Kamera za zamani zilimtaka mtu akae kimya bila kutikisika, labda na pumzi ameizuia. Na aliyesimama mbele yake alikuwa mgeni mwenye chombo asichokijua, katika nchi ambayo mfalme wake alikuwa ameuawa juzi tu. Ni nani angecheka? Katekisimu yafundisha kwamba kumhukumu jirani pasipo sababu ya kutosha ni dhambi dhidi ya amri ya nane. Wengi wadhani amri hiyo yahusu ulimi peke yake. Yahusu na jicho pia, na mtu aweza kumkosea hata marehemu wa miaka mia na zaidi.

Sasa rangi. Picha haisemi ngozi ilikuwa na rangi gani, wala nguo. Kijana achanganya rangi ya udongo uliochomwa na buluu kidogo, apaka tabaka nyepesi, angoja ikauke, apaka tena. Rangi za maji hutoka katika wepesi kwenda katika uzito, wala hazirudi nyuma. Penye mwangaza juu ya paji la uso hapapakwi kitu, kwa maana nuru ya picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Asiye na subira huifunika nuru hiyo mapema, kisha huisugua kwa kitambaa mpaka karatasi inachubuka. Kwa upande mmoja wa shuka kijana atia kijani, na hapo ana ukoo wa karibu na udongo wake, kwa kuwa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba lichimbwalo Katanga, lilisagwa na wachoraji wa kale kuwa rangi.

Bwana wetu Yesu Kristu alipoletewa fedha ya kodi aliuliza kwanza sura iliyo juu yake ni ya nani. Wakajibu kuwa ni ya Kaisari, naye akawaambia wamrudishie Kaisari kilicho chake, na Mungu kilicho chake Mungu. Wazee wa Katanga walikuwa na fedha yao pia, misalaba ya shaba iliyoyeyushwa, nayo haikuwa na uso wa mfalme yeyote. Lakini kila aliyeibeba alikuwa na sura, na Kitabu cha Mwanzo chasema sura hiyo ilitoka wapi. Mzee wa picha hii hakubatizwa, pengine, hilo halijulikani. Hata hivyo aliumbwa kwa mfano wa Mungu kama Papa wa Roma alivyoumbwa. Ubatizo haumfanyi asiye mtu kuwa mtu. Wamchukua yule ambaye Mungu amekwisha kumjua, kama nabii Isaya anenavyo, na kumwita kwa jina lake awe mwana.

Kwa hiyo padri auliza jina. Msafara ulipita mbele ya watu wengi wa Katanga, ukachukua nyuso zao mpaka Ulaya, na majina ukayaacha njiani.

Kijana amemaliza. Jua limeshuka nyuma ya machimbo, na karatasi bado ina unyevu kwenye ukingo. Wachoraji huandika jina chini ya sura. Yeye ameandika mwaka peke yake, na mbele yake ameacha nafasi tupu, upana wa vidole vitatu. Tarehe 2 Novemba, Kanisa liwaombeapo marehemu wote, mama yake atapeleka parokiani karatasi yenye majina ya wafu wa jamaa. Kijana amemwomba aache mstari mmoja bila kuandika kitu.