Bwaki, Mkanda na Uongo wa Huruma

Muuguzi mmoja aliniuliza swali baada ya mafundisho, nami naona lafaa kufikiriwa na watu wote, si wauguzi peke yao. Aliuliza hivi: Mtoto akiwa na njaa ya kweli, na kipimo kikamnyima chakula kwa sababu ya milimita moja au mbili, je, ni vibaya kuandika kipimo kingine?

Kabla ya kujibu, tuujue ugonjwa wenyewe. Katika Kivu watu huuita bwaki. Mtoto huvimba miguu, nywele zake hugeuka rangi na kung'oka bila nguvu, ngozi hubanduka, naye hachezi wala hacheki; hukaa tu, mwenye uchungu. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933. Mwaka 1935 aliwajulisha waganga wenzake jina ambalo akina mama Waga walikwisha kuupa: kwashiorkor, ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona vema, maana mtoto aachishwaye ziwa mapema na kupewa bugali tupu, bila maharagwe, bila sombe, bila samaki, ndiye aliye hatarini. Zamani waganga walidhani kinachokosekana ni protini tu. Leo wajua ya kuwa sababu ni nyingi zaidi, wala hawajazimaliza. Tena kuna watoto wengine wasiovimba, bali hukonda mpaka ngozi yashikamana na mifupa. Hao wote huhesabiwa kuwa wenye utapiamlo mkali.

Sasa huo mkanda. Ni utepe mwembamba wenye rangi tatu, huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59. Ukionyesha chini ya milimita 115, ni rangi nyekundu: mtoto apokewe, atibiwe. Kati ya 115 na 124 ni manjano. Kuanzia 125 ni kijani, mama arudi nyumbani. Mwenye kuvimba miguu yote miwili hupokewa hata mkanda useme nini, kwani maji ya uvimbe huweza kuunenepesha mkono usiokuwa na nyama. Aliyepokewa, akiwa bado na hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mkali, hupewa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Chakula hicho hakihitaji maji wala moto, kwa hiyo mtoto hutibiwa nyumbani kwao, na mama hasumbuki kulala hospitali wiki nyingi huku akiacha wengine nyumbani na shamba bila mtu.

Basi, tuseme mama ametembea tangu alfajiri, mtoto yuko mgongoni. Mkanda unasema 116. Mama anasema, “Muganga, unitazamie mtoto, usinirudishe hivi.” Muuguzi ajua ya kuwa akiuvuta mkanda kidogo tu, utasema 114. Hapana mtu atakayemwona. Afanye nini?

Wengi wenye moyo mwema watajibu upesi: auvute. Nao wana hoja yenye nguvu, wala si haki kuwacheka. Watasema, huyo 115 ametoka wapi? Hakuandikwa juu ya mawe. Ni kweli. Kabla ya mwaka 2009 mpaka uliotumika ulikuwa 110. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza pamoja ya kuwa mpaka uwe 115. Maana yake mtoto wa milimita 112, mwaka 2008, kwa mkanda peke yake hakuwa “mgonjwa sana”, na mwaka uliofuata alikuwa mgonjwa sana, na mkono wake ni ule ule. Basi, wasema, kama wakubwa waliweza kuusogeza mpaka kwa milimita 5 wakiwa wamekaa mezani, kwa nini muuguzi asiusogeze kwa milimita 2 akiwa amesimama mbele ya mtoto mwenyewe?

Mimi hoja hii naiheshimu, lakini naona ina shimo ndani yake. Wale waliousogeza mpaka waliusogeza waziwazi. Walisema: tumehesabu, tumeona, sababu ni hizi, tangu leo tunatumia 115. Kila mtu aliweza kusoma na kubisha. Muuguzi avutaye mkanda hausogezi mpaka. Mpaka wabaki pale pale, naye amsogeza mtoto, kwa siri. Matendo haya mawili hayafanani hata kidogo, ijapokuwa yote yaishia kwa pakiti ile ile.

Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akashika ya kuwa kila uongo ni mbaya, hata ule usemwao ili kumwokoa mtu. Seminarini tulibishana sana juu ya hayo, na wenzangu wengi walimwona kuwa mgumu mno. Wakaleta mfano unaojulikana: muuaji abisha hodi akimtafuta ndugu yako aliyejificha chumbani, je, utamwonyesha mlango? Kuna waalimu wanaojibu ya kuwa muuaji hana haki ya kuambiwa ukweli huo. Haya, tuwakubalie kwa leo. Lakini daftari la kituo cha afya linasema na nani? Namba ni neno. Aiandikaye amwambia mtu jambo. Hapa anayeambiwa si muuaji. Ni muuguzi wa zamu ya kesho, ni mganga wa zoni ya afya, ni yule ahesabuye pakiti ili ajue apeleke ngapi milimani na ngapi kando ya ziwa. Watu hao wanauliza ili wagawe chakula. Haki ya kuambiwa kweli wanayo, nayo hawakupewa kwa ajili yao wenyewe, bali kwa ajili ya watoto ambao hawajafika bado.

Labda utasema: milimita 2 zitamdhuru nani? Sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu anayechunguza hesabu za kituo huandika vipimo vyote mstari kwa mstari. Mikono ya watoto haina mapenzi na namba fulani. Kama wengi wana 113 na 114, basi 116 na 117 nao watakuwa wengi, tena zaidi, kwa sababu wenye kukonda kidogo ni wengi kuliko wenye kukonda mno. Akikuta 114 zimejaa kama mchanga na 116 hazipo kabisa, ajua mara moja ya kuwa kuna mkono uliovuta. Tangu hapo hataamini namba nyingine yoyote ya kituo kile, hata zilizo za kweli. Tena kuna jambo la pili, lililofichika zaidi. Watoto wa 116 hupona upesi kuliko wa 105. Wakiingizwa kwa wingi, hesabu ya waliopona hupanda, na kituo chasifiwa, wakati mtoto wa 105 aweza kuwa anakufa palepale kwa kukosa uangalizi, na kifo chake kikawa kidogo katika jumla kubwa. Uongo ulioanza kwa huruma umekuwa sifa ya mwenye kuusema.

Nami nisiwaonee wauguzi wadogo, maana uongo wa wakubwa ni mwingi kuliko wa mkanda. Tazama safu ya mwisho ya daftari: amepona, amekufa, ameacha, hakupona, amehamishwa. Kanuni za Sphere, zifuatwazo na mashirika ya misaada, zataka waliopona wazidi 75 kwa kila 100, waliokufa wasifike 10, walioacha wasifike 15. Tuweke mfano wa kubuni tu. Watoto 100 wametoka daftarini: 78 wamepona, 6 wamekufa, 14 wameacha, 2 hawakupona. Kanuni zote zimetimizwa. Mkubwa wa programu atia sahihi kwa furaha. Lakini “ameacha” ni nini? Ni mtoto asiyeonekana siku mbili mfululizo za kupimwa. Neno hili lamshitaki mama, kana kwamba alichoka. Sasa mtu achukue baiskeli, aende nyumba kwa nyumba, awatafute wale 14. Akikuta 5 wamezikwa, waliokufa si 6 tena, ni 11, na programu ile iliyopita mtihani imeshindwa. Hakuna namba iliyoandikwa kwa uongo. Hapakuwa na mtu wa kwenda kuuliza, basi. Nionavyo mimi, uvivu huo ni mzito kuliko kosa la muuguzi aliyevuta mkanda, kwani yeye alikuwa na mtoto machoni pake, na huyu alikuwa na karatasi tu.

Na waliohamishwa hawahesabiwi katika mia ile, maana matibabu yao yaendelea penginepo. Ni sawa. Lakini kituo kikiwa na desturi ya kumhamisha mtoto saa ile aanzapo kukata roho, vifo vyake vitakuwa vichache sana.

Je, ukweli una faida gani kwa mtoto aliyekwisha kufa? Mwaka 1996 watafiti wawili, Schofield na Ashworth, walikusanya taarifa za hospitali nyingi, tangu miaka ya 1950. Wakaona ya kuwa vifo vya watoto wenye utapiamlo mkali havikupungua muda wote huo: kwa kawaida 20 hadi 30 kwa kila 100, na mahali pengine, hasa kwa waliovimba, 50 hadi 60. Dawa zimeongezeka, elimu imeongezeka, na vifo vimesimama! Walipochunguza wakaona sababu kubwa ni matibabu yenyewe: watoto walipewa chakula kizito mapema mno, walipewa dawa za kutoa maji kwa sababu ya uvimbe, walipewa madini ya chuma siku za kwanza, na mwili dhaifu haukuweza kuyachukua. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha kuwaelekeza waganga: kwanza maziwa mepesi, kalori 75 katika mililita 100, hata mwili utulie, ndipo yale ya kalori 100. Hayo yangejulikanaje kama wauguzi wa miaka 40 wangalikuwa wamevificha vifo ili wasigombezwe?

Turudi kwa mama yetu na 116 yake. Simwambii muuguzi amfukuze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 wawataja watoto wa milimita 115 hadi 119 kati ya wale wa manjano wanaostahili kutangulizwa kupewa chakula maalumu. Na huko Kamuesha, katika Kasai, watafiti walijaribu kuwapokea wote walio chini ya 125, wakiwapunguzia pakiti kadiri mkono unavyonenepa. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2022, hayakuwa mabaya kuliko ya njia ya kawaida. Kwa hiyo mlango wa kweli unaanza kufunguka, nao wafunguliwa na hizo 116 zilizoandikwa 116.

Pale ambapo chakula cha watoto wa manjano hakipo, na muuguzi aona kwa macho yake ya kuwa huyu hatafika wiki ijayo, na ampe. Aandike 116. Upande wa kulia wa daftari kuna nafasi ya maelezo, nyembamba, ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Aandike humo: nimempa pakiti kwa sababu hii na hii, atie jina lake na tarehe. Mkaguzi akija na kumkemea, mazungumzo yatakuwa juu ya mtoto na kanuni, naye mkaguzi itambidi aseme kwa kinywa chake ya kuwa mtoto yule alipaswa kurudishwa.