Wajibu wa Aliyeitika Mwano

Sisi watu wa mwambao na visiwani husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wasukuma nao wana mwano, ukelele wa hatari unaopokewa nyumba hadi nyumba mpaka kijiji kizima kikatoka. Mbiu na mwano vyote huita, wala havimwambii aliyefika afanye nini. Je, aliyeitika na kufika ametimiza wajibu wake?

Nalitazama swali hili kutokea Tinde, mkoani Shinyanga. Hapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, tawi moja likenda Shinyanga na Mwanza, jingine Isaka na Kahama hadi Rwanda na Burundi, na malori ya mizigo na ya mafuta hupita usiku na mchana. Katika nchi hizo za Usukuma na Unyamwezi ndiko walikozuka sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwano ukipigwa, asiyetoka alitozwa faini au alitengwa. Kuitika, basi, hakukuwa hisani bali deni. Lakini miguu ile ile iliyokimbilia kuokoa mali ya jirani, siku nyingine ilikimbilia nyumba ya bibi kizee aliyeshukiwa uchawi. Mwano haukuwa na kosa; waliofika ndio hawakujua mpaka wa kazi yao.

Wapenzi wa lugha wataona kuwa neno kujitolea limezaliwa na kutoa, na kutoa ni kupa na pia ni kupunguza. Anayejitolea hupunguza kitu katika nafsi yake. Kwa kawaida twadhani ni muda au jasho. Mafunzo ya huduma ya kwanza hudai zaidi: yanamtaka mtu apunguze haraka yake. Kabla ya kumgusa majeruhi, atazame kwanza kama mahali penyewe ni salama. Jeraha linalovuja damu alikandamize kwa kitambaa safi. Aliyevunjika uti wa mgongo asimnyanyue juu juu na kumtupa garini, ingawa umati unapiga kelele kwamba anachelewa. Mara nyingi, nionavyo mimi, nia njema ndiyo iliyowalemaza watu barabarani.

Wapo wahofuo kwamba tukiwafunza wachache, wengine watabaki vitandani mwano ulipo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, aliyefunzwa hakuondolewa katika deni la wote. Ameongezewa lake, maana hawezi tena kusema kuwa hakujua.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka mjini Morogoro. Watu walilikimbilia, wengi wakachota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Tuseme lori kama hilo limepinduka leo njia panda ya Tinde, na kijana mmoja aliyefunzwa akafika wa kwanza. Dereva yumo ndani, analia. Petroli inatiririka mtaroni, na nyuma yanakuja madumu. Kijana anageuka, anaupa mgongo mlio wa dereva, anatandaza mikono kuwazuia baba zake wadogo na shangazi zake, nao wanamwita mwoga.

Nami sidhani kwamba amemwacha dereva.