Sauti ya Saba

Mtu akibisha hodi usiku, mwenye nyumba huuliza: "Nani?" Naye aliye nje, aghalabu, hujibu neno moja: "Mimi." Ukilipima jibu hilo kwa mizani ya mantiki utaliona ni tupu, kwani kila mtu ni "mimi". Hata hivyo mlango hufunguliwa. Kilichojibu si neno, ni sauti. Jambo hili nimeishi nalo zaidi ya miaka hamsini bila ya kulitia akilini, mpaka nilipokwenda Tabora kumzuru shangazi yangu, nikalikuta swali hilo hilo limo ndani ya spika ndogo, juu ya kabati la vyombo.

Shangazi aliolewa Tabora akiwa mwari, na huko akabaki. Sasa umri wake umepita miaka themanini, na macho yake yameingia kiza. Anakaa kwa mwanawe, binamu yangu, pamoja na mkaza mwanawe na wajukuu watatu. Binamu ndiye aliyeinunua spika hiyo, ya aina ile inayosikia na kujibu: huulizwa saa na hali ya hewa, huamrishwa kupiga simu au kuweka kisomo. Usiku wa pili wa ugeni wangu aliniomba nimsaidie kuijulisha sauti za watu wa nyumbani. Maagizo yake yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi kazi yangu ni tafsiri.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Redio tuliyokua nayo barazani ilisema na watu wote na haikumjua hata mmoja. Chombo hiki ni kinyume chake. Tangu mwaka 2017 spika za namna hii zimepewa uwezo wa kutofautisha watu wa nyumba moja. Kila mtu hutamka maneno machache, na kwa kuwa umbo la koo, kinywa na pua huacha alama katika sauti ya kila mmoja wetu, mashine huzipima alama hizo na kuzigeuza safu ya tarakimu. Baadaye kila sauti inayosikika huhesabiwa na kulinganishwa na zile zilizowekwa. Hesabu zikikaribiana, mwenye sauti husomewa ujumbe wake na miadi yake, si ya mwenziwe. Katika nyumba ya watu wengi hiyo ni sitara, na sitara ni jambo jema.

Spika ile ilikuwa na nafasi za sauti sita, wala haikuzidi. Shangazi, mwanawe, mkaza mwanawe na wajukuu watatu: sita kamili. Binamu akafurahi kuwa hesabu imetimia. Shangazi, aliyekuwa mkekani akivuta uradi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na binti je?"

Binti ni msichana wa kazi. Jina lake nalijua, lakini aliniomba nisilitaje. Ndiye anayemtekea shangazi maji ya udhu alfajiri na kumshika mkono. Naye shangazi humtambua kwa mburuto wa kandambili zake kabla hajafika mlangoni. Saa ile alikuwa jikoni akisugua masufuria.

"Mama, huyo si wa kudumu hapa," binamu alisema.

"Nani wa kudumu?" shangazi akamjibu.

Kauli hiyo ilinikaa moyoni siku ya pili tulipokwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ambako tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 imefanywa makumbusho. Tabora, ambayo wasafiri wa zama hizo waliiandika Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe na watumwa walipitishwa hapa kwenda pwani, na wengi miongoni mwao wakavushwa mpaka kisiwani kwetu; hili sisi wa visiwani hatuna pa kulikwepa. Msafara ulikuwa hodari wa kuhesabu. Ulihesabu doti za nguo, mafungu ya shanga, uzani wa pembe, vichwa vya watu. Mtu aliweza kuhesabiwa kila kituo, tangu Ujiji hadi baharini, na asiwepo hata mmoja katika waliomhesabu aliyemjua.

Mfano ni Sidi Mubarak, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa utumwani Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Alifika Tabora pamoja na Burton na Speke mwaka 1857, akarejea na Speke na Grant mwaka 1861, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873. Ni wachache walioijua njia hii kama yeye. Lakini vitabu vya wasafiri hao vinamwita Bombay, jina la mji wa nchi alikotumikishwa. Lile jina ambalo mama yake alimwitia chakula, kwa sauti ambayo bila shaka angeitambua gizani, halikuingia vitabuni humo.

Sisemi kuwa spika ya binamu yangu ni mnyororo. Kuulinganisha mnyororo na chombo cha kuulizia hali ya hewa ni kuwavunjia heshima waliofungwa. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: kuhesabiwa si kujulikana. Binti akiamka sauti imemkauka, mashine itashindwa kuilinganisha, na basi. Shangazi akiisikia sauti hiyo hiyo atauliza kama mwenyewe amelala, kama ana homa, na kama ameshatia kitu tumboni. Ujuzi wa shangazi una deni ndani yake. Anayekujua huwajibika kwako. Mashine hupata ujuzi, na deni haina.

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno ya kumtetea binti. Nikakuta shangazi amekwisha kulikata shauri: "Nafasi yangu mpeni yeye. Mimi Kiingereza chenu sikijui, na wanaonijua wananitosha." Binamu, ambaye ni mtu mwema, akakubali kwa haya kidogo. Tukamwita binti. Akaja akijifuta mikono kwa kanga, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu: "Ahsanteni, lakini niacheni. Kila anayeijua sauti yangu humu ndani hunituma. Nami nipate kimoja kisichonijua."

Watoto walicheka. Mimi niliona aibu. Mchana kutwa nilikuwa nimeshughulika na haki ya mtu ambaye sikuwa nimemuuliza neno. Nilidhani kuachwa nje ya hesabu ndiyo dhuluma pekee, nikasahau kuwa kuingizwa bila ya kuulizwa nako ni dhuluma. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka mtu ajulishwe kabla taarifa zake hazijakusanywa. Ni sheria njema. Ila sheria ni nadra kufika jikoni, na huko ndiko binti alikokuwa.

Hapo ndipo nilipoielewa hodi. Katika hodi, aliye nje ndiye anayeitoa sauti yake, kwa hiari yake, na asiyetaka kujulikana ana ruhusa ya kupita njia yake. Aliye ndani akiipokea sauti hiyo hulipa kwa "karibu", na "karibu" ni ahadi: kiti, maji, na usalama wa mgeni mpaka aondoke. Sauti, basi, ni kitu cha kutolewa, si cha kuchukuliwa, na anayeipokea huwa amejifunga. Tangu mwaka 2021 watu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma sentensi za Kiswahili na kuzitoa sauti zao katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ili mashine zipate kuielewa lugha yetu. Hao wamebisha hodi wenyewe. Huenda kwa hisani yao mtu asiyeona, kama shangazi, siku moja akahudumiwa kwa lugha yake. Silipingi hilo; nalitamani. Naomba tu kwamba kabla ya kuuliza mashine ina nafasi ngapi, tuwaulize waliomo nyumbani, na tuanzie jikoni.

Alfajiri ya kuondoka kwangu nilibisha hodi chumbani kwa shangazi kumuaga.

"Nani?"

"Mimi."

"Karibu, mwanangu. Mbona mafua yamekushika? Ngoja uchemshiwe tangawizi." Akafumbua kinywa kumwita binti, kisha akanyamaza.

Nikaenda jikoni, nikaichemsha mwenyewe.