Kipimo cha Uanaume na Uanamke

Nguo hupimwa kwa dhiraa na nafaka kwa pishi, wala hapana ugomvi, kwa kuwa nguo na nafaka hazina habari na kipimo. Tabia ya binadamu si hivyo. Mwanamume aambiwaye kuwa upole wake ni wa kike hurudi nyumbani na neno hilo, na yamkini kesho atawafokea watoto wake ili alikanushe. Kwa hiyo wapimaji wa tabia wana dhima kubwa kuliko wauza nguo.

Mwaka 1936, nchini Marekani, Lewis Terman na Catharine Cox Miles walitoa kitabu juu ya kipimo cha uanaume na uanamke. Maswali yake yalizidi 400: juu ya madoa ya wino, maarifa, mapendeleo, na mambo yamtiayo mtu hofu au hasira. Mjibu hakuambiwa kinachotafutwa. Majibu yaliyoelekea kutolewa na wanaume yalihesabiwa upande mmoja, na yale ya wanawake upande wa pili, yote katika mstari mmoja. Aliyeikaribia ncha moja alikuwa ameikimbia nyingine. Mtu hakuweza kuongeza huruma ila kwa kupunguza ushupavu.

Mwaka 1973 Anne Constantinople aliutilia shaka mstari huo. Mwaka uliofuata Sandra Bem wa Chuo Kikuu cha Stanford akaleta orodha ya sifa 60: 20 za kiume, 20 za kike, na 20 zisizo za upande wowote. Mtu hujipa alama toka 1 hata 7 kwa kila sifa, na kila upande huhesabiwa peke yake. Hii ilikuwa hatua ya haki. Lakini na tuzisome sifa zenyewe. Kwa wanaume mna kujitegemea, kuwania makuu na uchokozi. Kwa wanawake mna huruma, uaminifu, upole wa sauti, kutotumia maneno makali. Tena mna wepesi wa kudanganyika, na tabia ya kitoto. Nakiri kuwa hayo mawili hunikera kila niyasomapo.

Sifa hizo hazikutolewa katika maumbile, wala Bem hakudai hivyo. Wanafunzi waliulizwa ni zipi zinazotakiwa kwa mwanamume, na zipi kwa mwanamke, katika jamii ya Marekani. Basi hicho ni kioo cha jamii moja katika miaka ya 1970, na ubaya huanza kioo kikichukuliwa kuwa mizani.

Mtu na amweke mbele ya orodha hiyo mzee muungwana wa Lamu au Unguja, aliyelelewa kuona kelele ni utovu wa adabu na matusi ni aibu ya ukoo. Atajipa 7 kwa upole wa sauti, na 7 kwa kutotumia maneno makali, na karani atamjazia alama za kike. Hali machoni pa wenzake hakupungua uanaume hata chembe. Wala sisi tusijigambe. Lugha yetu, ambayo neno yeye halibagui mume na mke, imeuita mkono wa kulia wa kuume, na wa kushoto wa kike.

Mwaka 1981 Bem alitoa orodha fupi ya sifa 30. Wepesi wa kudanganyika uliondolewa, na tabia ya kitoto pia. Uchokozi ulibakia kwa wanaume, na kuwapenda watoto kukabakia kwa wanawake.