Kudumu Katika Imani Moyo Unapopoa

Kukata tamaa kwa Mkristo si lazima kuanze na mateso. Mateso yana namna ya kumwamsha mtu: anamjua adui yake, anajua anachokitetea, na wenzake humzunguka. Kinachomchosha zaidi ni miaka ya kawaida. Ameomba mgonjwa wake apone na hakupona. Ameimba kwaya, amechangia ujenzi, hajakosa jumuiya, na maisha yake yamebaki yale yale. Kisha anasikia viongozi wanagombania fedha za mchango, au anagundua kwamba waliokuwa wakimhimiza kusali wamekwisha kuacha wao wenyewe. Mtu huyo hajaikana imani. Amepoa, na hata yeye hawezi kusema ni siku gani alianza kupoa.

Biblia inaijua hali hii, tena inaiweka kwa mtu ambaye msomaji asingemtarajia. Eliya alichoka baada ya ushindi. Alikwisha kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, lakini tishio moja la Yezebeli lilimkimbiza jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Simulizi la Kitabu cha Kwanza cha Wafalme linaeleza kwamba Mungu hakuanza kwa kumkaripia. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu, na hata hapo jibu alilopewa lilikuwa kazi: arudi alikotoka, akawapake mafuta watu watatu. Alipolalamika kwamba amebaki peke yake, aliambiwa wako elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli kwa jinsi alivyojisikia, ila hesabu yake haikuwa sahihi.

Historia ya Ukristo katika mkoa wa Morogoro ina mengi ya kuonyesha kuhusu jambo hili, kwa sababu ilianzishwa na watu waliozoea kushindwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotoka Bagamoyo kupanda bara, walikuwa wanafuata njia ya Mfaransa François Libermann. Mtoto huyo wa rabi alibatizwa mwaka 1826, akaingia seminari, na mwaka 1829, akiwa anakaribia kupewa daraja ya ushemasi mdogo, akaanguka kifafa. Kwa sheria za Kanisa za wakati ule, ugonjwa huo ulimfungia mlango wa upadre. Alibaki akifanya kazi ndogondogo katika nyumba za malezi ya wengine, akiwashauri vijana waliompita na kupadirishwa kabla yake, hadi zamu yake ilipofika mwaka 1841. Kundi la kwanza la wamisionari alilolituma pwani ya Guinea mwaka 1843 liliteketezwa karibu lote na homa. Mmoja wa wachache waliosalia, Jean-Rémi Bessieux, alisonga mbele hadi Gabon na baadaye akawa askofu huko. Libermann mwenyewe alifariki mwaka 1852 bila kuiona misheni hata moja ya Afrika.

Warithi wake walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1872 kimbunga kilichoipiga Zanzibar na pwani ya bara kiliangusha majengo waliyokuwa wamekwisha kuyajenga. Makaburi ya misheni, ambayo hadi leo mgeni wa Bagamoyo huonyeshwa, yana majina ya mapadre, mabruda na masista wengi waliokufa wakiwa bado vijana. Pamoja na hayo, mwaka 1877 ilianzishwa Mhonda, katika milima ya Nguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikafuata Morogoro, chini ya Uluguru, na mwaka 1897 Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo. Ni rahisi kuyasoma haya kama hadithi ya mashujaa, na vitabu vingi vya misheni vimefanya hivyo.

Hadithi hiyo ina upande mwingine. Wakristo wa kwanza wa misheni hizo walikuwa hasa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa katika soko la Zanzibar, wakafundishwa, wakaozeshwa na kupewa makazi katika vijiji vya Kikristo. Misheni iliwapangia kazi, ndoa na mwenendo. Haikuchukua muda mrefu baadhi yao kuanza kuondoka, na wamisionari waliona uchungu, wakawaita wakaidi wasio na shukrani. Ukweli ni kwamba watu wale hawakuwahi kuulizwa. Mtu aliyepewa imani pamoja na jembe, mke na ratiba ya siku, vyote kwa mkono mmoja, hana njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo kilicho chake.

Kwa Waluguru wenyewe mambo yalikuwa tofauti. Waluguru hufuata ukoo wa mama, lukolo, na ardhi ilikuwa mikononi mwa ukoo. Tambiko lilimfunga mtu na waliomtangulia, na unyago wa mwali ulimfanya binti atambulike mbele ya jamii nzima. Wengi walipokea ubatizo na shule bila kuona sababu ya kuyaacha hayo. Mmisionari aliyewabatiza vijana wa kijiji kizima na kisha kuwaona katika ngoma msimu huo huo aliamini kwamba kazi yake imeharibika. Hapa masikitiko yake yalitokana kwa sehemu kubwa na kipimo alichokuja nacho. Alitarajia mtu aache ulimwengu mmoja na kuhamia mwingine kwa siku moja, ilhali jirani zake walikuwa wanaujaribu mguu mmoja kwanza, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili anayevuka mto Ruvu wakati wa masika. Si kila kinachomvunja moyo mwamini ni kushindwa. Mengine ni matarajio ambayo hakuna aliyemwahidi.

Namna jambo la lazima linavyokufa na la hiari linavyodumu inaonekana waziwazi katika mashamba ya milima hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kila kaya ilipangiwa sehemu yake ya kuchimba, na aliyekaidi alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji ulileta juu udongo usio na rutuba, hivyo mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakatumwa, na mpango wote ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kiliungwa mkono sana milimani kutokana na hasira hiyo. Lakini upande wa magharibi, kule Mgeta, matuta yalibaki na yanalimwa hadi leo. Wakulima wa huko walikuwa na mboga za kupeleka sokoni, walikuwa na maji ya mifereji na samadi, na waliona faida ya tuta kwa macho yao. Tuta la Mgeta nalo hubomoka mvua ikizidi. Mwenye shamba hulitengeneza upya bila kungoja kuambiwa na bwana shamba.

Imani ya Kikristo milimani nayo ilipitia jaribio la aina hiyo. Kwa miongo mingi shule na kanisa vilikwenda pamoja: mtoto aliyetaka kusoma alipitia mikononi mwa misheni, na ubatizo ulionekana kama sehemu ya masomo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za madhehebu na kuziweka chini ya serikali. Kuanzia hapo mzazi aliyetaka elimu kwa mwanawe hakuhitaji tena kupitia mlango wa kanisa, na waliokuwa pale kwa ajili ya shule tu walikuwa huru kuondoka. Kanisa halikufa. Jimbo la Morogoro, lililoundwa mwaka 1953, lilikuwa tayari chini ya askofu mzalendo, Adriani Mkoba, aliyeteuliwa mwaka 1966 na kuliongoza hadi 1992. Na vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, viliendelea.

Kigango ndicho chombo halisi cha udumifu katika milima hii, ingawa hakisifiwi sana. Parokia moja inaweza kuwa na vigango vilivyotawanyika katika matelemko ambayo gari haliyafikii, na wakati wa masika hata pikipiki hushindwa. Padre hufika mara chache. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayefungua kanisa, anaongoza ibada ya Neno, anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kipaimara, na anazika wafu. Kwa Walutheri na Waanglikana kazi kama hiyo hufanywa na mwinjilisti katika mtaa wake. Malipo ya katekista, kama yapo, hayatoshi kuishi. Analima kama wengine, na watu wanajua mahindi yake yamekauka au la. Hana uhakika kwamba wiki ijayo watakuja watu thelathini au watano. Anachojua ni kwamba Jumapili itafika na kengele itapigwa.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji, walikuwa wanashusha jambo hilo hadi ngazi ya nyumba kwa nyumba. Jumuiya ina kasoro zake, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye moja anazijua: masengenyo, michango isiyokwisha, mwenyekiti anayependa kusikika. Hata hivyo ina jambo moja ambalo misa ya kanisa kubwa haina. Asiyefika huonekana kwamba hakufika. Mtu aliyepoa hawezi kupotea kimya kimya miezi sita bila mtu kubisha hodi kwake, na huenda hodi hiyo ikawa na uzito kuliko mahubiri.

Walimu wa kale wa maisha ya kiroho walifikia hitimisho linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alieleza juu ya uchovu wa roho unaomjia mtu adhuhuri, jua linapoonekana limesimama. Mmonaki huanza kuchungulia dirishani, kuwachukia ndugu zake, kukumbuka nyumbani, na kusadiki kwamba Mungu anapatikana kwa urahisi zaidi mahali pengine. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kubaki chumbani na kuendelea na kazi ya mikono. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapwa mwaka 1548, aliweka kanuni kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadilishe uamuzi aliokuwa ameufanya kabla ya ukiwa huo. Asiuvunje wito wala ahadi siku ambayo kila kitu kinaonekana cheusi. Aongeze kidogo sala na toba, na angoje.

Kanuni ya Ignasi inagusa tabia moja iliyoenea sasa mijini, Morogoro ikiwamo. Mkristo aliyechoka anahama. Anatoka kanisa alilobatiziwa kwenda kwa nabii anayetangaza muujiza wiki hii, ananunua maji ya upako au mafuta, na baada ya miezi michache anahama tena kwa sababu muujiza haukuja, au ulikwenda kwa mwingine. Si sahihi kuwacheka watu hawa. Wengi wana madeni, wagonjwa au ndoa zinazovunjika, na kanisa walilotoka halikuwatembelea. Lakini kuhama kila moyo unapopoa kunamzuia mtu kuvuka ule muda mkavu ambao, kwa ushuhuda wa karibu waamini wote waliodumu, ndimo imani hukomaa. Teresa wa Kolkata, ambaye barua zake zilichapwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, aliishi miongo mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, na muda huo wote aliendelea kuwaosha na kuwalisha maskini.

Kudumu kuna mipaka yake, na mafundisho yasiyoitaja mipaka hiyo huumiza watu. Huzuni isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi na hamu ya kula na kumfanya atamani kufa, inaweza kuwa ugonjwa, na mahali pake ni hospitali pamoja na sala. Hata Eliya alilishwa kwanza. Mwanamke anayepigwa nyumbani hapaswi kuambiwa kwamba uvumilivu ndio msalaba wake. Wala uaminifu kwa Kanisa hauna maana ya kunyamazia wizi wa zaka. Anayeuliza hesabu katika kikao cha halmashauri ya walei, kisha akarudi Jumapili inayofuata hata kama alijibiwa vibaya, pengine ni mwaminifu kuliko aliyenyamaza ili asichukiwe.

Yapo pia maswali ya walioanguka kabisa. Agano Jipya lina mifano miwili isiyofanana. Dema alimwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, na habari zake zinaishia hapo. Yohane Marko naye aliwaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia na kurudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Paulo alimkataa katakata, na mabishano juu yake yakawatenganisha wazee wawili waliokuwa marafiki. Barnaba akamchukua kijana huyo na kwenda naye Kipro. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, huo huo unaomtaja Dema, Paulo anaagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa katika huduma. Mapokeo ya Kanisa yanamhesabu kuwa mwandishi wa Injili yenye jina lake. Katika parokia za Uluguru kazi ya Barnaba kwa kawaida huanza na wazee wa jumuiya wanaokwenda kuuliza hali. Huendelea kwa mafundisho mafupi na kitubio, na kwa wale walioishi miaka mingi bila ndoa ya kanisa, humalizika kwa kubariki ndoa, mara nyingine bwana na bibi harusi wakiwa tayari na wajukuu.